Sahihi Kabla ya Ijumaa Saa Sita

Haya, sogea karibu nikutege. Nyumbani mwa mtu yupo mmoja, jino lake ni moja tu, anatafuna nguo tangu asubuhi mpaka jioni, na tumbo lake halijajaa hata siku moja. Ni nani huyo?

Usiniambie panya. Panya ana meno mengi, tena mchana hulala. Wala usiniambie mbuzi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Mji wowote uupendao, mimi nitaupokea, nami nitakwambia jibu: ni cherehani. Na kwa kuwa mji umeshanipa, acha nikueleze lililotokea humo, nyumbani kwa fundi mmoja wa suruali, wiki ya kwanza ya likizo ndefu.

Fundi huyo alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango ulitazama barabara, cherehani ilikaa dirishani, na kati yake na ukuta palikuwa na meza ya kukatia ambayo haikuwahi kuonekana mbao zake kwa vile ilivyofunikwa na vitambaa. Nyuma ya pazia ndiko walikoishi: Fundi, mkewe, na binti yao wa pekee wa miaka kumi na sita. Wiki hiyo mke hakuwepo. Alikwenda kwa dada yake mkubwa aliyejifungua, na alisema atarudi Jumapili.

Binti alikuwa na jina lake zuri la shule, lakini nyumbani waliliacha kwenye cheti. Tangu aanze kutambaa alikuwa akiitwa Kiherehere, na ukimtazama siku ile ya Jumatatu ungesema aliyempa jina hilo hakukosea. Zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu shule ifungwe. Katika siku hizo tatu alikuwa amefagia ua mpaka udongo ukaanza kuomba radhi, amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, na amepanga vifungo vyote vya baba yake kwa rangi. Kumbe baba yake alikuwa amevipanga kwa matundu, vya matundu mawili huku na vya manne kule, kwa hiyo ikabidi vipangwe upya. Akiketi, goti lake moja lilichezacheza peke yake kama la mtu anayesubiri kuitwa. Akisimama, alikwenda mlangoni, akarudi kwenye pazia, akaenda tena mlangoni.

Hapo mlangoni ndipo alipomwona jirani akipita na bahasha, naye jirani akamwambia kwamba karakana ya madaftari inatafuta vijana.

Karakana hiyo ilikuwa mitaa miwili kutoka kwao, jengo refu la mabati lenye harufu ya gundi. Kila likizo ndefu ilichukua vijana kwa wiki tano, wakunje karatasi, wazipige pini za chuma mgongoni, wazifunge kwa dazeni, ili shule zikifunguliwa madaftari yawe madukani. Kiherehere alikwenda akiwa na kandambili miguuni, hakurudi hata kubadilisha. Msimamizi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa karatasi ishirini akamwambia akunje. Akakunja. Msimamizi akazigongagonga mezani, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, kisha akavuta fomu kutoka kwenye droo.

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Chini kabisa paliandikwa: sahihi ya mzazi. Na juu, kwa kalamu nyekundu: mwisho wa kurudisha, Ijumaa saa sita mchana.

Kiherehere hakutaka fedha hasa, ingawa zingekuja hangezikataa. Alichotaka ni kile kitendo cha mtu mzima kumpa kazi, kuitazama, na kumpa nyingine. Alirudi nyumbani akitembea upesi kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Alichagua vizuri wakati wa kumwuliza baba yake, au alidhani amechagua vizuri. Alingoja mpaka Fundi ameinamia pindo, mdomoni ana pini sita, maana mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema hapana. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Fundi alisikiliza. Kisha akatoa pini moja, akaichomeka kwenye mkono wa shati. Akatoa ya pili. Ya tatu. Alipotoa ya sita, alisema, "Ngoja mama yako arudi."

"Anarudi Jumapili, Baba. Fomu ni Ijumaa."

"Basi mpigie."

Akampigia. Huko mtoto mchanga alikuwa analia, sufuria zinagongana, na mama yake akamsikiliza kwa sikio moja, akasema hilo si jambo la kuamuliwa kwenye simu, amwulize baba yake. Kiherehere akaenda kwa baba yake na jibu hilo. Baba akarudia lake. Akapiga tena simu. Ukiona mpira unapigwa huku na huku namna hiyo, ujue hakuna anayetaka kuufunga.

Jumanne akaenda kuleta jeshi. Jeshi lenyewe lilikuwa mtu mmoja, Mama Mdogo, mdogo wake mama yake, msusi mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mama Mdogo na Fundi walikuwa mashemeji wa kutaniana. Aliingia bila hodi, akaketi juu ya kitambaa cha mteja, akaanza. Alimwambia Fundi kwamba mtoto ameshafua hata visivyofulika, na akiachwa wiki nyingine atawafua wao wenyewe. Akasema vijana wa mtaa mzima wanakwenda, akasema karakana ina mlango mpana na wasichana wengi, akasema yeye mwenyewe alianza kusuka akiwa mdogo kuliko huyu na tazama hajafa.

Fundi alijibu machache. Likizo ni ya kupumzika. Kazi ya mwanafunzi ni shule.

"Apumzike nini, Shemeji? Huyu amechoka lini?"

"Kama mikono inamwasha, ashike kitabu."

Kadiri Mama Mdogo alivyosema, ndivyo Fundi alivyokanyaga cherehani kwa kasi, mpaka sauti ya mtu ikawa haisikiki. Akamshona shemeji yake mdomo bila sindano kumgusa. Mama Mdogo aliinuka, akajifuta nyuzi, akamwambia Kiherehere nje ya mlango kwamba baba yake si mkali, ila amefunga, na mlango uliofungwa kwa ndani haugongwi kwa ngumi. Mwonyeshe unaweza kazi, alimwambia. Mwonyeshe, usimwambie.

Ushauri ulikuwa mzuri. Tatizo ni aliyepewa.

Jumatano asubuhi Fundi alikwenda maduka ya jumla, upande wa pili wa mji, kununua zipu na bitana. Safari hiyo humchukua mpaka alasiri. Mguu wake ulipovuka barabara tu, Kiherehere akasimama mbele ya rundo la kazi zilizokuwa zikingoja.

Lazima nikwambie jambo. Binti huyu alizaliwa na kukulia kwenye sauti ya cherehani, lakini hakuwahi kufundishwa kushona hata mshono mmoja. Kila alipokaribia kiti, alitumwa dukani. Akishika mkasi, aliulizwa kama amemaliza hesabu za shule. Lakini macho hayatumwi dukani. Alikuwa ameona suruali elfu zikikatwa, na mikono yake iliijua njia kabla ya kuipita.

Juu ya rundo palikuwa na kitambaa cha buluu cha Mlinzi, yule anayelinda ghala la saruji, mteja wa miaka mingi. Kikaratasi cha vipimo kilikuwa kimebanwa kwa pini: kiuno thelathini na sita, urefu arobaini na mbili. Kiherehere alichukua tepu yake mpya ya manjano, ile aliyonunuliwa kwa ajili ya somo la sayansi, akapima mara mbili, akachora kwa chaki, akapiga moyo konde, akakata.

Akashona. Mwanzoni alikanyaga kwa pupa na cherehani ikaruka kama mbuzi. Baadaye ikatulia, naye akatulia. Kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe, goti lake halikucheza. Hakusikia njaa, hakwenda mlangoni. Saa nane suruali ilikuwa imesimama, haina zipu wala kifungo, lakini mishono yake ilinyooka, kwa nje na kwa ndani. Akaipiga pasi, akaitundika, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, akairudia tena kuigusa.

Mlinzi mwenyewe alipita akielekea kazini, akachungulia kuuliza kama yake iko tayari. Kiherehere hakuweza kujizuia. Akamwomba aijaribu hapo hapo, juu ya aliyovaa. Mlinzi akaipandisha. Akaiachia ili ajitazame kwenye kioo, nayo ikashuka yenyewe mpaka magotini. Akaipandisha tena, akaishika kwa mikono miwili kiunoni. Chini, kitambaa kilikuwa kimemfunika viatu.

Na hapo ndipo Fundi alipoingia na mfuko wa zipu.

"Fundi," Mlinzi akasema, "hii suruali ni yangu mimi na nani?"

Fundi hakucheka. Alimtazama binti yake, akamtazama Mlinzi, akapiga goti akageuza pindo la mguu mmoja, akauangalia mshono wa ndani kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa naangalia."

"Umepimia nini?"

Kiherehere akaonyesha tepu ya manjano. Fundi akavua ya kwake shingoni, akazilaza zote mbili mezani, bega kwa bega, na hapo kila mtu akaona. Tepu ya Fundi ilikuwa imekatika ncha. Inchi mbili za kwanza zilikwisha kuliwa na mkasi zamani, kabla binti hajazaliwa, na Fundi hakuona haja ya kununua nyingine. Alipimia kwa tepu hiyo, akaandika namba aliyoiona, akakatia kwa tepu hiyo hiyo. Akitaka nusu au robo hakugawa kwa hesabu, aliikunja tepu yenyewe. Kwa hiyo suruali zake zilikaa vizuri miaka yote, ila namba zake zilikuwa lugha ya watu wawili tu, yeye na tepu yake. Binti yake aliiona tepu ile kila siku, kama unavyouona ufa wa ukuta wa kwenu, na siku aliyoihitaji hakuikumbuka.

"Ngoja kwanza," Mlinzi alisema. "Kwa hiyo kiuno changu si thelathini na sita?"

"Thelathini na nne," alisema Fundi.

"Thelathini na nne. Na mke wangu ananinyima sukari mwaka wa pili huu." Akavua ile suruali, akaikunja kwa heshima, akaondoka akiwa amenyooka kuliko alivyoingia.

Wakabaki wawili. Kiherehere alikuwa anangoja kugombezwa, na kugombezwa hakukuja, na kule kutokuja kukamchoma zaidi. Fundi aliendelea kupitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Binti akashindwa kuvumilia.

"Baba, kwa nini hujawahi kunifundisha?"

Fundi akaiweka suruali mezani. "Uzi mweupe umekwisha," alisema. "Nenda dukani ukalete mmoja."

Juu ya rafu, nyuma ya kichwa chake, rili tano za uzi mweupe zilikuwa zimesimama mstari. Kiherehere aliziona, na baba yake alijua ameziona. Akaenda dukani akanunua ya sita.

Alhamisi ilikuwa siku ndefu. Fundi alikaa na wembe akifumua mishono ya binti yake, akapunguza inchi mbili huku na inchi mbili kule, akashona upya bila kutazama kulia wala kushoto. Kiherehere alizunguka nyumba kama nzi ndani ya chupa. Kichwani alijipa majibu yote ambayo baba yake hakumpa. Labda aliona mikono yake mizito. Labda alingoja mtoto wa kiume ambaye hakuja. Labda alimwonea aibu. Kila jibu alilitembeza mpaka mlangoni, akarudi nalo. Jioni akaiweka fomu juu ya meza ya kukatia, pale pale ambapo baba yake asingeweza kuikwepa. Fundi alipofika hapo na pasi ya moto, aliitazama, akainyoosha vizuri kwa kiganja, akaipiga pasi, akaisogeza pembeni. Sasa ilikuwa fomu isiyo na mkunjo hata mmoja, wala sahihi.

Ijumaa saa nne asubuhi Kiherehere akasimama mbele ya cherehani, akashika gurudumu la pembeni kwa mkono. Cherehani ikasimama. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika nyumba hiyo.

"Baba, ni wiki tano. Siku shule ikifunguliwa nitakuwa nimekaa darasani kabla ya kengele. Kama hutaki, niambie hutaki, na uniambie kwa nini. Lakini usiniambie ningoje Jumapili."

Fundi aliutazama ule mkono kwenye gurudumu. Kwa muda alionekana kama atamtuma dukani tena. Kisha akauliza, "Na wakikwambia ubaki?"

"Nani?"

"Hao wa madaftari. Wiki tano zimekwisha, wameona mikono yako, wanakwambia ubaki."

"Nitasema nina shule."

"Mimi ndiye Msimamizi," alisema Fundi. Akageuza kiti kikamtazama binti, akakunja mikono kifuani. Kiherehere alidhani ni utani, akataka kucheka, lakini uso wa baba yake haukuwa na utani hata kidogo. "Binti, umefanya kazi vizuri. Kesho shule zinafunguliwa, lakini kazi bado ipo. Baki wiki moja tu."

"Hapana. Nina shule."

"Wiki moja si kitu. Wanafunzi wenyewe wiki ya kwanza wanafagia tu."

"Hapana."

"Nitakuongezea nusu ya mshahara."

Kiherehere akafungua mdomo, na mdomo ukachelewa. Haikuwa tamaa, au labda ilikuwa, kidogo tu, kama kidole kinavyogusa sukari kikiwa njiani. Lakini ulichelewa.

"Umenyamaza," alisema baba yake.

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Anayetafuta maneno ameshabaki. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Fundi alikuwa Msimamizi mjanja kuliko yule wa kweli. Akamsifu. Akamwonea huruma. Akamwambia wenzake wote wamekubali, atakuwa yeye tu aliyewaangusha. Akamwambia mwenye karakana mwenyewe amemtaja kwa jina. Mteja mmoja aliingia na suruali iliyochanika, akawakuta baba na binti wanatazamana kama majogoo, akasema atarudi baadaye. Kiherehere alikuwa anatoka jasho. Alisema hapana akiwa amesimama, akasema hapana akiwa anatembea, na kila hapana ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Mwisho Fundi akashusha sauti. "Tuna oda kubwa, binti," alisema, "na wewe ndiye uliyezianza hizi. Sisi ni kama ndugu zako. Utatuacha na kazi katikati?"

Hii haikufanana na zile nyingine. Baba yake hakuwa anamtazama tena, alikuwa anatazama suruali zilizotundikwa. Kiherehere akaona mikono ya baba yake imefunguka, imelala mapajani.

"Ndiyo," alisema. "Nitawaacha nayo katikati. Nina shule."

Fundi akageuza kiti chake kikaitazama cherehani tena. Kisha akavuta droo ya cherehani, akatafuta kalamu kati ya vipande vya chaki na vifungo vya matundu manne, akaweka fomu juu ya goti, akaandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja. Akaitazama, akaipulizia.

"Saa ngapi?"

"Tano na dakika ishirini."

Akafunga duka. Mtu wa kuuza sabuni ng'ambo ya barabara alisimama kushangaa, maana Ijumaa mchana Fundi kufunga duka ilikuwa habari. Wakatembea mitaa miwili, binti mbele, baba nyuma kidogo, binti akipunguza mwendo, akisahau, akiuongeza tena. Hakumwuliza lolote. Alikuwa na fomu mkononi yenye sahihi, na aliogopa kuongeza neno lisije likaifuta.

Karakanani Msimamizi alisoma fomu kwa juu ya miwani, akauliza kwa nini imenyooka hivyo, akaigonga muhuri. Akasema Jumatatu saa moja kamili, nywele zifungwe, kandambili haziruhusiwi. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika arobaini.

Kiherehere alipotoka alimkuta baba yake amesimama kwenye dirisha la karakana, mikono nyuma. Ndani, vijana walikuwa wamejipanga mezani, wanakunja, wanasukuma, wanakunja. Fundi aliwatazama mmoja mmoja kama anayemtafuta mtu anayemfahamu. Binti akaja akasimama kando yake, na safari hii hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Uliniuliza jambo juzi, mama, nikakutuma uzi," alisema Fundi, macho bado kwenye kioo. "Mimi nilifundishwa wakati wa likizo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mjomba wangu aliniomba nimsaidie, wiki sita tu, suruali zilikuwa nyingi. Siku shule inafunguliwa zilikuwa zimebaki saba. Mwalimu akapita dukani kuniulizia, nikamwambia nitakuja Jumatatu. Jumatatu hiyo mpaka leo haijafika."